Tope la Mto Lina Shahidi na Hatujawahi Kumwita

Kama unakaa Nairobi, umepita Muindi Mbingu Street mara nyingi hadi umesahau kuhesabu. City Market iko hapo, wauza maua wako hapo, Jeevanjee ni hatua chache tu. Sasa hebu niambie Muindi Mbingu alikuwa nani. Wiki jana niliuliza wasee sita pale nje ya soko. Mmoja akasema alikuwa mbunge. Mwingine akasema hilo ni jina la mlima. Wanne wakacheka tu.

Basi wacha niwaambie. Mwaka 1938 serikali ya mkoloni iliamua kwamba Wakamba wa Machakos wana ng'ombe wengi kupita kiasi, na hao ng'ombe ndio wanamaliza udongo. Dawa yao ikawa kuwachukua kwa nguvu na kuwauza kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Athi River kilikuwa kinawangoja. Muindi Mbingu akaongoza umati, wanaume kwa wanawake, wakatembea mpaka Nairobi kutaka kumwona gavana, na wakakaa hapa mjini kwa majuma kadhaa. Mwishowe serikali ikalegeza kamba. Mbingu mwenyewe alikamatwa akapelekwa Lamu.

Ukiangalia vizuri, hiyo kesi yote ilikuwa kesi ya udongo. Mkoloni alikuwa na ripoti, alikuwa na picha za mabonde mekundu yaliyochimbika. Kitu hakuwa nacho ni kipimo cha nani ametoa udongo kiasi gani. Ng'ombe walitoa ngapi? Barabara zilitoa ngapi? Na kubanwa kwa watu kwenye vipande vidogo baada ya walowezi kuchukua ardhi nzuri kulitoa ngapi? Hakuna aliyejua, lakini hukumu ilikuwa tayari.

Mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu kuhusu Machakos hiyo hiyo, More People, Less Erosion. Walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 mpaka 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua. Wakulima walichimba matuta ya fanya juu, wakapanda miti, wakatunza mashamba yao. Wale wale walioitwa waharibifu ndio waliorudisha udongo mahali pake.

Nimeanza mbali kwa sababu kesi hii bado inaendelea, na mshtakiwa hajabadilika. Mvua ikinyesha, mto ukigeuka rangi ya chai ya maziwa, bwawa likijaa tope, anayenyooshewa kidole ni mkulima mdogo wa mlimani. Na mimi nimechoka na kesi isiyo na ushahidi, kwa sababu ushahidi upo. Umelala ndani ya udongo wenyewe zaidi ya miaka 60. Sisi ndio hatujajisumbua kuusoma.

Ushahidi wenyewe ni mionzi. Usiondoke, nisikilize kwanza.

Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, mataifa makubwa yalikuwa yakijaribu mabomu ya nyuklia hewani kama watu wanaolipua fataki. Marekani, Muungano wa Kisovieti na Uingereza walilipua. Ufaransa ilikuja kufanya majaribio yake hapa Afrika, kwenye jangwa la Sahara huko Reggane, Algeria, kuanzia Februari 1960. Tarehe 30 Oktoba 1961 Wasovieti walilipua bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa, kule kaskazini kwenye barafu. Vumbi la milipuko hiyo lilipanda juu sana, likazunguka dunia nzima, halafu likashuka polepole pamoja na mvua. Ndani ya vumbi hilo kulikuwa na kitu kinaitwa seziamu-137.

Seziamu-137 haipatikani duniani kwa njia ya asili. Yote iliyopo imetokana na kazi ya binadamu, hasa hayo mabomu. Kilele cha kushuka kwake kilikuwa 1963, mwaka ambao mkataba wa kukomesha majaribio ya hewani ulitiwa saini Moscow. Ni mwaka huo huo tulipata Uhuru. Kwa hivyo wakati wazee wetu wanashangilia bendera mpya, mvua ilikuwa inapaka nchi nzima rangi moja nyembamba ambayo hakuna jicho linaweza kuiona.

Na hapo ndipo utamu unaanza. Seziamu ikigusa udongo wenye mfinyanzi, inashika chembe zake kama kupe kwenye ngozi ya ng'ombe. Haisafiri na maji peke yake, na mimea inachukua kidogo sana. Njia kubwa ya kuhama ni moja: udongo wenyewe uhame. Udongo ukibaki, inabaki. Udongo ukisombwa, inasombwa nao. Udongo ukitua kwenye bonde au chini ya ziwa, inatua hapo.

Kwa hivyo watafiti wanafanya hivi. Wanatafuta mahali tambarare ambapo hapajachimbwa wala kumomonyoka tangu miaka hiyo ya mabomu. Inaweza kuwa uwanja wa kanisa la zamani, au uwanda wa nyasi ambao jembe halijawahi kugusa. Wanachimbua udongo hapo kwa bomba la chuma, wanaukausha, wanauchekecha, wanaupima. Hicho ndicho kipimo cha kulinganishia, yaani kiasi cha seziamu ambacho mvua ilileta eneo hilo. Halafu wanakwenda shambani, kwenye mteremko, wanafanya vile vile. Shamba likiwa na seziamu kidogo kuliko pale tambarare, limepoteza udongo. Likiwa na nyingi zaidi, limepokea udongo wa mwenzake aliye juu.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Ni mfano tu, silitaji shamba la mtu. Tuseme shamba linalimwa kwa kina cha sentimita 20. Udongo wa kina hicho kwenye hekta moja ni kama tani 2,400. Tuseme pale tambarare tumepata seziamu 100, na shambani tumepata 70. Asilimia 30 imekwenda, na asilimia 30 ya tani 2,400 ni tani 720. Gawanya kwa miaka 60 na unapata tani 12 kwa hekta kila mwaka. Wataalamu wana hesabu ngumu zaidi ya hii, kwa sababu jembe huchanganya udongo na mambo hayaendi kwa mstari mmoja, lakini wazo ni hilo.

Sasa tani 12 kwa hekta ni unene gani? Ni milimita moja. Milimita moja! Mkulima hawezi kuiona. Afisa hawezi kuiona. Mpiga picha mwenye droni hawezi kuiona. Lakini ni kama tipa moja ya udongo mzuri inatoka kwenye kila hekta, kila mwaka, kimya kimya, kwa miaka 60. Hapo ndipo unaelewa kwa nini shamba lililokuwa linatoa magunia sasa linatoa debe.

Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika.

Seziamu ilishuka kutoka juu, na iko kwenye ngozi ya ardhi tu, sentimita chache za juu, au kina cha jembe kama panalimwa. Ukichimba chini zaidi, karibu haipo. Sasa fikiria tope lililo mtoni. Kama limetoka kwenye ngozi ya mashamba, litakuwa na seziamu. Kama limetoka chini, kwenye kuta za korongo, kwenye kingo za mto zilizobomoka, kwenye barabara iliyokatwa mlimani, litakuwa halina au lina kidogo mno. Yaani tope la mto linaweza kutuambia limetoka wapi. Ukilipima pamoja na vifuatilio vingine, unaweza kugawa lawama kwa asilimia.

Rudia hiyo sentensi mwenyewe. Unaweza kugawa lawama kwa asilimia.

Shosho wangu analima kwenye mteremko upande wa Murang'a. Ana kipande kidogo: mahindi, maharagwe, ndizi, na mistari ya nepia inayolisha ng'ombe wake mmoja. Miaka michache iliyopita barabara ya udongo iliyo juu yake ilipanuliwa. Kontrakta akaweka kalvati, na mdomo wa kalvati ukaelekea kwenye mpaka wa shamba lake. Hakujenga mtaro wa kupeleka maji mpaka mtoni. Alimaliza, akapigwa picha, akaondoka. Mvua ya kwanza ilichimba mfereji wa kuingia goti. Mvua ya tatu, ukisimama ndani, kichwa hakionekani.

Halafu kukaitishwa baraza. Afisa mmoja, sitataja wa wapi, akasimama akatufundisha kwamba wakulima wa mlimani ndio wanajaza mabwawa tope, kwamba tunalima mpaka ukingoni, kwamba tunakula kesho ya watoto wetu. Shosho akainua mkono.

"Kijana wangu, tope la hilo korongo ni langu?"

"Shosho, korongo si liko kwa shamba lako?"

"Liko kwangu. Lakini ni langu?"

Watu wakacheka, afisa akacheka, mkutano ukaendelea. Mimi sikucheka. Yule mama aliuliza swali la kisayansi na akajibiwa kwa utani. Jibu la kweli linaweza kupatikana kwa kuchota tope chini ya korongo, tope la mtoni, na udongo wa juu wa shamba lake, halafu kuupima wote. Hakuna aliyefanya hivyo. Ni rahisi zaidi kumhubiria mwanamke wa miaka 70 kuliko kumwandikia kontrakta barua.

Na usidhani ninabahatisha kuhusu barabara. Thomas Dunne alipima tope la mito ya Kenya miaka ya 1970, na mwaka 1982 yeye na William Dietrich wakaandika kuhusu vyanzo vya tope hilo. Barabara za udongo na njia za miguu zilijitokeza kuwa chanzo kikubwa kuliko eneo lake dogo lingekufanya utarajie. Hiyo ni zaidi ya miaka 40 iliyopita. Tangu wakati huo tumejenga barabara ngapi? Na ni barabara ngapi zimeitwa barazani kujibu mashtaka?

Najua kuna msee tayari ameandika, "Huyu anataka kutuletea nyuklia mashambani." Tuelewane.

Hakuna mtu anamwaga chochote. Hiyo seziamu iko tayari shambani kwako, na ilikuwa huko kabla baba yako hajazaliwa. Hapa karibu na ikweta ilishuka kidogo kuliko kule kaskazini, kwa hivyo ni kidogo mno. Udongo wa kawaida una potasiamu-40, ambayo ni ya asili, na kwa wastani inatoa mionzi kama bekereli 400 kwa kila kilo. Mwili wako mwenyewe, ukiwa mtu mzima, una bekereli kama 4,000 za hiyo hiyo potasiamu. Ukilala karibu na mumeo au mkeo mnapeana mionzi usiku kucha na hamjawahi kulalamika. Seziamu ya mabomu kwenye udongo wetu ni kidogo hivi kwamba shida ya watafiti ni kuiona. Sampuli moja inawekwa kwenye kipimo cha germaniamu, kimezungushiwa risasi nzito, na inaachwa humo saa nyingi, wakati mwingine zaidi ya siku nzima, ili kupata hesabu ya kuaminika.

Wakazi wa Uyombo kule Kilifi wamepinga mpango wa kujengewa kinu cha umeme wa nyuklia, na wana haki ya kuuliza kila swali. Hilo ni jambo lingine kabisa. Unaweza kupinga kinu na bado ukataka udongo wako upimwe. Kinachonikera ni kwamba kila neno nyuklia likitajwa hapa kwetu, mjadala unakuwa wa kinu cha mabilioni peke yake. Kenya ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki tangu 1965. Shirika hilo, likishirikiana na FAO, limekuwa likisaidia nchi kujifunza njia hii ya kupima mmomonyoko, na lina miongozo iliyochapishwa. Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi nzima ya sayansi ya nyuklia. Hatuanzi na mikono mitupu.

Wala si jambo geni katika eneo letu. Mwaka 2009 jarida la Geoderma lilichapisha utafiti uliotumia seziamu-137 pamoja na mwanga wa infraredi kukadiria mmomonyoko kwenye bonde la mto magharibi mwa Kenya. Mmoja wa waandishi alikuwa Keith Shepherd, wa kituo cha utafiti wa kilimo cha miti kilichoko Gigiri, hapa Nairobi. Kwa jirani zetu Tanzania, watafiti walichimbua tope la Ziwa Manyara wakapima umri wa kila tabaka kwa risasi-210, wakaona kwamba kwa zaidi ya miaka 100 tope linaloingia ziwani limekuwa likiongezeka, na wakautaja mto Makuyuni kama chanzo kikuu. Sasa kule wanajua waanzie wapi. Sisi tunaanzia popote kamera zilipo.

Hata bahari yetu imeweka rekodi, ingawa kwa kifuatilio kingine kisicho cha mionzi. Mwaka 2007 kulichapishwa utafiti wa tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi. Udongo unaoletwa na mto Sabaki hubeba bariamu, na tumbawe likikua linaihifadhi, mwaka baada ya mwaka, kama daftari la deni dukani. Kwa muda mrefu deni lilikuwa dogo. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 likaanza kupanda. Mwanzoni mwa karne ya 20, wasee. Huo ndio wakati wa reli, walowezi na watu kusukumwa kwenye ardhi mbaya. Kwa hivyo hata ile hadithi ya "Mwafrika ameongezeka, udongo ukaisha" inahitaji kusomwa tena tangu ukurasa wa kwanza.

Sasa nitoe haki kwa upande wa pili, maana sitaki mtu aseme nimeficha. Njia hii ina wakosoaji wa kweli. Mwaka 2011 Parsons na Foster waliandika makala kali wakisema dhana zake nyingi ni dhaifu: kwamba seziamu haikushuka sawa hata kwenye eneo dogo, na kwamba haiendi na udongo kila wakati kama tunavyodhani. Mwaka 2013 Lionel Mabit na wenzake wakawajibu kwamba kasoro hizo zinajulikana na zinaweza kudhibitiwa ukichukua sampuli za kutosha na kuchagua mahali pa kulinganishia kwa makini. Nimesoma pande zote mbili, na ninakubali kwamba mtu akikuletea sampuli tano na ramani ya rangi rangi, mfukuze.

Lakini ukosoaji huo unatuambia tupime vizuri. Hausemi tusipime. Na seziamu haiko peke yake. Kuna risasi-210, ya asili, inayoshuka kutoka hewani kila mwaka, nguvu yake hupungua nusu kila miaka 22 hivi, nayo inasaidia pale seziamu ni haba kama kwetu. Kuna beriliamu-7, inayotengenezwa juu angani na miale ya kutoka anga za mbali, na nguvu yake hupungua nusu kwa siku 53 tu. Hiyo inakaa milimita chache za juu, kwa hivyo inaweza kupima mvua za msimu mmoja. Yaani ukipanda mistari ya nepia Machi, kufikia Juni unaweza kujua kama inashika udongo au inashika picha tu.

Na hapa kuna haraka ambayo sioni mtu akiizungumzia. Seziamu-137 hupungua nusu kila miaka 30. Kutoka 1963 mpaka 2023 ni miaka 60, kwa hivyo imebaki robo ya ile iliyoshuka. Kufikia 2053 itabaki sehemu moja ya nane. Hapa kwetu, ambapo ilikuwa kidogo tangu mwanzo, itazidi kuwa ngumu kuipata. Shahidi wetu ni mzee na anapoteza sauti. Tukichukua vipimo sasa na kurudi mahali pale pale baada ya miaka kumi, tutakuwa na kitu cha kulinganisha. Tukingoja, wajukuu wetu watabaki na kelele kama zetu.

Badala ya kupima udongo, tunahesabu nini? Miche. Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Novemba 13, 2023 tulipewa siku ya mapumziko nchi nzima tukapande. Mimi pia nilipanda, na sina shida na miti. Shida yangu ni kwamba idadi ya miche iliyotiwa ardhini haituambii hata kilo moja ya udongo iliyobaki mlimani. Mche unaweza kukauka Januari. Mti unaweza kusimama na chini yake udongo ukaendelea kusombwa kama hakuna nyasi. Tumechagua kuhesabu kitu rahisi kuhesabu, halafu tunajipigia makofi.

Wakati huo huo Masinga, bwawa lililokamilika 1981, limekuwa likijaa tope haraka kuliko waliolipanga walivyotarajia. Na Nairobi inakunywa maji kutoka milima hiyo hiyo ya Tana ya Juu. Tangu 2015 kuna mfuko wa maji unaosaidia wakulima wa huko kujenga matuta na kupanda nyasi, na hilo ni jambo jema, kwa sababu unamshika mkulima mkono badala ya kumtukana. Ombi langu ni kwa serikali ya kitaifa na za kaunti, wenye pesa za umma na wenye barabara.

Kwanza, kila kaunti yenye vyanzo vya maji ichague mahali pa kulinganishia na kupalinda. Ule uwanja tambarare wa zamani mnaotaka kugeuza maegesho au maduka unaweza kuwa ndio pekee uliobaki na kumbukumbu kamili. Ukishachimbwa, kumbukumbu imekwenda na tipa.

Pili, kila barabara ya mlimani ipimwe kabla na baada. Tope la korongo lililo chini ya kalvati lichukuliwe, na likionekana limetoka kwa kontrakta, arudi na pesa yake ajenge mtaro na gabioni. Tunamtoza mwenye matatu faini kwa kusimama vibaya dakika mbili, halafu tunamwacha aliyekata mlima.

Tatu, mkulima asitozwe, asihamishwe wala asiaibishwe barazani kwa sababu ya tope ambalo hakuna aliyelipima. Na vipimo vikishachukuliwa kwenye shamba lake, arudishiwe majibu kwa lugha anayoielewa. Nimeona watafiti wakichota udongo wa watu, wakapata shahada nao, na mwenye shamba hajawahi kujua hata ugonjwa wa shamba lake. Hiyo nayo ni aina ya mmomonyoko.

Utasema ni ghali. Ndiyo, kipimo cha germaniamu ni ghali, na mtu wa kukiendesha anahitaji miaka ya masomo. Lakini kipimo kimoja kinahudumia kaunti nyingi kwa miaka mingi, na bwawa moja likijaa hatuna pesa ya kulijenga upya. Na gharama ya kukosea tunaijua. Tuliilipa 1938 kwa ng'ombe wa Wakamba. Tuliilipa tena miaka ya 1940 wakati wanawake wa Murang'a walilazimishwa kuchimba matuta ya mkoloni mpaka wakakataa. Kila mara serikali ilikuwa na uhakika, na kila mara aliyelipa ni yule aliyeshika jembe.

Inawezekana kabisa kwamba wakipima, watakuta shamba la shosho nalo linatoa tope jingi. Nimemwambia hivyo. Akaniangalia akasema, "Basi waje waniambie ni kiasi gani, nijue nifanye nini." Yeye haogopi kipimo. Sasa nataka kusikia ni nani anayekiogopa.